Jibu: Funza wa kwenye nyama hutoka wapi?

Dada, usimcheke huyo mwanao wa miaka sita anayesema nyama ndiyo imezaa funza. Watu wazima waliamini hivyohivyo kwa karne nyingi. Msimulie habari za Francesco Redi, daktari wa Italia. Alitia nyama kwenye chupa, nyingine akaziacha wazi, nyingine akaziziba kabisa. Zilizo wazi zikajaa funza, zilizozibwa hata mmoja hakuonekana. Lakini je, kama tatizo ni kukosa hewa? Hapo ndipo ninapompenda Redi: akafunika chupa nyingine kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Nzi wakaja kwa harufu, wakatua juu ya kitambaa wasiweze kuingia, na nyama ikaoza bila funza. Kumbe funza ni watoto wa nzi! Aliyachapisha hayo mwaka 1668.

Sisi tulijaribu kwa dagaa wabichi, vikombe viwili na kipande cha kanga kuukuu, nje mbali na jiko. Binti yangu alichuchumaa pale akimtazama nzi anavyosugua miguu juu ya kanga, kisha akaniuliza, "Mama, anatafuta mlango?" Mwanao naye mwache atazame kwanza, ndipo umweleze.