Maswali na Majibu: Meneja wa Madirisha Asimamie Madirisha

Kwenye Linux, nikiacha GNOME (mazingira kamili ya eneo-kazi) nikahamia Openbox (meneja wa madirisha tu), kompyuta yangu kuukuu itakuwa mpya?
Haitakuwa. Kumbukumbu utakayookoa, kivinjari kitaimaliza kwa vichupo vichache tu. Mimi naipenda Openbox kwa sababu nyingine: hainisumbui. Dirisha nikilifungua linafunguka, basi, bila kuteleza wala kufifia, na faili langu la mipangilio, rc.xml, sijaligusa kwa miaka.

Nimesakinisha Openbox, nikaingia, skrini tupu. Imeharibika?
Swali hili nimechoka nalo. Haijaharibika: bofya kitufe cha kulia cha kipanya, menyu itafunguka.

Mbona hakuna alama ya waifai wala saa?
Kwa sababu ulichosakinisha ni meneja wa madirisha. Kazi yake ni kuchora fremu, kusogeza dirisha, kulikuza na kulificha. Mengine ni programu za pembeni unazoziita mwenyewe katika faili la ~/.config/openbox/autostart. Langu liko hivi:

tint2 &
nm-applet &
dunst &
xss-lock -- i3lock &

Yaani upau, mtandao, taarifa na kufuli. Ile alama ya & mwishoni si pambo: ukiisahau kwenye tint2, mistari ya chini yake itangoja hadi tint2 ifungwe, nawe utabaki kulalamika kwamba mtandao umepotea. Na hukuuliza, lakini nakuonya: wengi huacha mstari wa kufuli. Kompyuta inalala, mtu mwingine anainua kifuniko, anakuta barua zako wazi.

Kati ya mameneja wengine wa madirisha, i3 au dwm?
Kama kuhariri faili la msimbo, config.h, na kukompaili upya kila unapobadili rangi ni raha kwako, dwm. La sivyo, i3. Mipangilio yake ni maandishi ya kawaida, na huisoma upya bila kukutoa kwenye kikao.

Naomba unitumie mafaili yako yote ya mipangilio.
Situmi. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Nakili rc.xml kutoka /etc/xdg/openbox, badili kitu kimoja, kisha openbox --reconfigure. Kikiharibika, utajua ni kipi. Ukibandika mistari mia nane ya mtu mwingine, utajuaje?

Na Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini?
Openbox ni ya X11, mfumo wa zamani, pekee. Kwa Wayland jaribu labwc: imefuata nyayo zake, hata rc.xml yake utaitambua. Ila tint2 iache huko ulikotoka, uchukue upau wa waybar.