Mafuriko yakishapita, choo kwanza, ukuta baadaye

Maji ya mto yakishashuka, kila mtu hutazama ukuta wake. Ndivyo ilivyokuwa huku kwetu Korogwe, mkoani Tanga, baada ya mvua za Oktoba 2019, zile zilizokata barabara ya kwenda Handeni, na ndivyo inavyokuwa kila Mto Pangani unapovuka kingo zake. Watu wanakata fito, wanakandika udongo, wanazunguka mashambani kutafuta mabati yaliyosombwa. Choo kinawekwa kiporo. "Tukimaliza nyumba tutachimba," ndiyo kauli utakayoisikia nyumba hadi nyumba, na wanaosema hivyo si wavivu, ni watu waliochoka na wanaotaka watoto walale pakavu.

Mimi nimekulia bonde hili na nimekaa kwenye kamati ya maji ya kijiji. Nikiombwa ushauri mmoja tu na mtu ambaye nyumba yake imeingiliwa na maji, nitamwambia achimbe choo kabla hajagusa ukuta. Familia inaweza kulala chini ya turubai mwezi mzima na isiuguzwe na turubai lile. Lakini hakuna familia inayoweza kukaa siku moja bila kwenda haja, na kama shimo limejaa au limetitia, haja hiyo itaishia migombani, mtoni au nyuma ya nyumba ya jirani. Wiki mbili baadaye zahanati inajaa watoto wanaoharisha, halafu tunasema ni maji mapya ya mvua.

Kwanza tuelewe maji yalifanya nini. Mafuriko yanapoingia kwenye choo cha shimo, hayakai humo. Yanainua kilichomo, yanakitandaza uani, jikoni, kisimani, kwenye bustani ya mchicha. Kwa hiyo lile tope lililobaki sakafuni lichukulie kuwa ni kinyesi, hata kama halinuki. Likwangue kwa jembe na koleo lingali bichi, kabla halijakauka na kuwa vumbi, ulifukie mbali na kisima. Vaa viatu vya mpira ukiwa navyo, na ukikosa funga miguu kwa mifuko ya nailoni, maana kwenye tope hilo kuna misumari, vioo na wakati mwingine nyoka. Watoto wasichezee madimbwi; bonde letu lina kichocho hata bila mafuriko.

Ukishakwangua, osha kwa maji na sabuni kwanza, ndipo upitishe dawa ya klorini. Nimeona watu wakimwaga dawa juu ya tope na kuondoka wameridhika. Uchafu unaila dawa ikaisha nguvu kabla haijafika kwa vijidudu. Sabuni huondoa uchafu, klorini humalizia.

Sasa choo chenyewe. Siku za mwanzo, kaya tatu nne za jirani zichange nguvu zichimbe shimo moja la muda, wazungushie makuti au turubai, na pawe na utaratibu wa kumwagia udongo au majivu kila mtu anapotoka. Kiwango kinachotumika kwenye maafa ni watu wasiozidi 20 kwa tundu moja, ingawa siku za kwanza kabisa hata watu 50 huvumilika. Lisikae karibu na kisima: angalau mita 30, na liwe upande wa chini wa mteremko.

Choo cha kudumu ndicho kinachotaka akili, hasa sisi wa mabondeni. Fundi wa vyoo aliyezoea kule milimani Usambara atakuambia uende chini kadiri jembe linavyofika. Huku kwetu ukifanya hivyo unakuta maji, na ukikuta maji umechimba kisima cha kinyesi. Chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 kabla ya kufikia maji, na kipimo ni maji ya masika, si ya kiangazi. Ukitaka kujua, muulize jirani mwenye kisima maji yake huwa wapi mwezi wa tano.

Kama ardhi haikuruhusu kwenda chini, panda juu. Chimba shimo fupi, lijengee kwa matofali ya kuchoma au mawe kuanzia ndani, kisha uendelee kuinua kuta zake juu ya ardhi kiasi cha kupita alama iliyoachwa na mafuriko, ujaze udongo pembeni na kuushindilia. Weka ngazi za kupandia na mti imara wa kushika, kwa ajili ya wazee na wajawazito. Kinagharimu zaidi, nakubali. Lakini nimeviona vyoo vya namna hii vikibaki vimesimama wakati vile vya kawaida vimegeuka madimbwi, na mwenye navyo hakuchimba tena.

Sakafu isikutishe. Magogo yaliyopakwa oili chafu ya gari ili mchwa wasiyale, yakafunikwa kwa udongo uliosagwa vizuri, yanafaa kuanzia. Juu yake weka ile sakafu ndogo ya zege ya sentimita 60 kwa 60, yenye tundu na sehemu mbili za kukanyagia, ambayo asili yake ni Msumbiji. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatoa sakafu za namna hiyo kadhaa, kwa hiyo majirani wakichanga au wakikopa kwenye kikoba, mzigo ni mwepesi. Kosa linaloziua sakafu hizi ni haraka. Zege ikimwagwa inataka kufunikwa kwa magunia yaliyolowa na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa muda wa wiki nzima. Ikikaukia juani, itapasuka kabla ya Ramadhani ijayo. Tundu liwe dogo ili mtoto asiogope kuanguka, na liwe na mfuniko wenye mshikio mrefu. Mfuniko ukikosekana nzi wanatoka hapo moja kwa moja hadi kwenye ugali.

Shimo la zamani lililotitia usiliache wazi. Mwagia majivu au chokaa, jaza udongo hadi uwe kichuguu maana utadidimia, uzungushie miiba. Baadaye panda mgomba.

Kuna jambo linanisumbua zaidi ya shimo, nalo ni kinyesi cha watoto wadogo. Bado kuna akina mama wenzangu wanaoamini kwamba cha mtoto anayenyonya hakina madhara, kwa hiyo kinafutwa kwa kitambaa kikatupwa pembeni, au mtoto anaachwa ajisaidie uani na kuku wakamalizia. Jamani, cha mtoto anayeharisha kinaambukiza sawasawa na cha mtu mzima. Poti ya plastiki au kopo kuukuu linatosha. Kimwagwe chooni, chombo kioshwe, na maji yale ya kuoshea nayo yaende chooni.

Halafu mikono. Sisi wa Tanga tunatawadha kwa maji, na ni desturi nzuri, ila ina sharti lake: sabuni iwe mlangoni pa choo, si ndani ya nyumba. Mtu akitoka chooni akapita kwanza jikoni kutafuta sabuni, ameshashika mlango, mtoto na mfuniko wa sufuria. Kopo la chooni libaki la chooni, lisichote kamwe kwenye ndoo ya maji ya kunywa.

Njia rahisi ni kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5, toboa tundu moja dogo kwa msumari uliopashwa moto, upande wa mbele karibu na shingo. Lipitishe kwenye ufito kwa mshikio wake, ufito ulale juu ya nguzo mbili zenye panda. Funga kamba shingoni, ncha nyingine uifunge kwenye kijiti kinacholala chini. Ukikanyaga kijiti dumu linainama, maji yanachirizika, na mkono wako haujagusa kitu. Sabuni itoboe katikati uining'inize kwa kamba, uifunike kwa kopo au uitie ndani ya soksi kuukuu, la sivyo kunguru wataibeba. Kunguru wa pwani hii wanapenda sabuni kupita watoto. Sabuni ikikosekana tumia majivu safi ya jikoni.

Maji ya kunywa yanataka uvumilivu. Ushauri wa kuchemsha ni sahihi, maji yakitokota dakika moja yametosha, lakini baada ya mafuriko kuni zote zimelowa na bei ya mkaa imepanda. Kwa wengi wetu vidonge vya klorini ndiyo njia inayowezekana. Vipo vya nguvu tofauti, kwa hiyo soma pakiti ujue kidonge kimoja ni cha lita ngapi. Ukitia, subiri dakika 30. Maji yakiwa ya tope, dawa haitafanya kazi mpaka uyasafishe kwanza. Yaache yatulie usiku kucha, kisha uyachuje kwa khanga iliyokunjwa mara nne. Chukua khanga kuukuu, maana nyuzi zake zimeshikana kwa kufuliwa sana na zinazuia zaidi ya mpya. Kule Bangladesh, wanakijiji waliochuja maji kwa sari kuukuu namna hiyo walipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2003. Wenye mlonge nyumbani wanaweza kuponda mbegu zilizokauka, wakazikoroga kwenye ndoo na kusubiri saa moja au mbili tope lizame. Lakini khanga na mlonge havimalizi vijidudu. Kidonge bado kinahitajika.

Dumu nalo lisafishwe. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii, na ule utelezi wa kijani ndani yake ni makao ya wadudu. Tia kokoto ndogo, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, mwaga, suuza. Kisima kilichofunikwa na maji ya mto msikitumie kwa kunywa mpaka kitekwe chote na kutiwa dawa. Hapo muiteni bwana afya au bibi afya, msijikadirie dawa wenyewe.

Nitagusa na misiba, kwa sababu maafa huja na misiba. Mababu zetu walikuwa wakinawisha wageni kwa birika na beseni, maji yakimiminwa juu ya mikono ya kila mmoja. Siku hizi kwenye shughuli nyingi nimeona beseni moja likizungushwa, watu kumi wananawa maji yaleyale kisha wanaingia kwenye sinia moja. Turudishe birika, tuongeze na sabuni. Na pale marehemu aliyekufa kwa kuharisha na kutapika anapohitaji kuoshwa, familia isianze peke yake. Zahanati iarifiwe kwanza, waje na dawa na maelekezo, na mashekhe na wachungaji wetu waliseme hili mbele za watu, kwa kuwa wao ndio tunaowasikiliza kwenye jambo hilo.

Mtu akianza kuharisha, usisubiri. Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo kila mara, mtoto aendelee kunyonya, huku mnajiandaa kwenda zahanati. Pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki kwa watoto ni bora zaidi kama zipo. Kinyesi kikiwa cheupe mfano wa maji yaliyooshea mchele, hiyo ni dharura ya saa ileile, mchana au usiku.

Akina mama na wasichana wana mahitaji ambayo mikutano ya kijiji huyaruka. Choo cha muda kikiwa mbali na hakina taa, msichana hataenda usiku. Atajizuia, au atakwenda kichakani na kukutana na hatari. Kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani. Vitambaa vya hedhi vifuliwe kwa sabuni na vianikwe juani kabisa. Wengi huvificha chini ya godoro ambako havikauki, na maambukizi huanzia hapo. Kamba ya kuanikia nyuma ya uzio wa makuti inatosha kumsitiri.

Na haya yote hayafanywi na kaya moja moja. Tanga tuna msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na sioni kazi inayoufaa kuliko hii. Wazee wanaikumbuka kampeni ya 1973, Mtu ni Afya, watu wakikusanyika vikundi kusikiliza redio kisha wakienda pamoja kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Takribani watu milioni 2 walishiriki nchi nzima. Mwenyekiti wa kitongoji akipanga msaragambo wa vyoo, orodha ianze na wajane, wazee wanaoishi peke yao na wenye ulemavu. Si huruma tu. Kaya moja isiyo na choo juu ya mteremko inawanywesha wote walio chini yake.

Kwa wale ambao mafuriko yamewapitia karibuni, kabla mvua hazijafuta alama, chukueni chaki au rangi mweke mstari kwenye ukuta au mti pale maji yalipofikia. Shimo la kudumu lichimbwe kuanzia mwezi wa saba hadi wa tisa, udongo ukiwa mkavu na vijana wakiwa hawana palizi, na sakafu yake ikae juu ya mstari ule. Vuli ikianza, mahindi yatawachukua watu wote.