Gesi ya yai bovu inavyolegeza mishipa ya damu

SWALI: Bwana Daktari, ninaishi Himbi, hapa Goma. Mama yangu mzazi ana ugonjwa wa tansio (shinikizo la damu) na humeza vidonge kila asubuhi. Kijana wangu anayesoma biolojia na kemia amenieleza kwamba gesi inayonuka kama yai bovu, ambayo husemwa iko chini ya ziwa letu, hulegeza mishipa ya damu na kushusha tansio. Sisi tumekua tukionywa kuhusu mazuku. Gesi inayoua yawezaje kutibu? Na je, kitunguu saumu ambacho majirani wanamshauri mama akile kina uhusiano na hayo? Mama wa Himbi.

JIBU: Mama wa Himbi, kijana wako hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Tuanze kwa kutenganisha gesi mbili ambazo watu wa hapa huzichanganya. Mazuku, tunayowakataza watoto kuyasogelea kule upande wa Bulengo, ni hasa dioksidi ya kaboni: haina harufu, ni nzito kuliko hewa, hulala mashimoni na kumnyima pumzi mtu au mbuzi anayeshuka humo. Gesi ya yai bovu ni salfidi ya hidrojeni, nayo imo katika maji ya kina ya Ziwa Kivu, kule ambako oksijeni haifiki. Hii ya pili ndiyo inayotengenezwa pia ndani ya mwili wako, hata sasa hivi unaposoma, kwa kiasi kidogo mno.

Katika ukuta wa mishipa ya damu mna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, kinachoichukua sisteini, asidi amino yenye salfa tunayoipata katika mayai, maharagwe na sambaza (dagaa wa ziwa letu), na kutoa gesi hiyo kutokana nayo. Mwaka 1996 Wajapani Kazuho Abe na Hideo Kimura walitoa ushahidi kwamba huenda ubongo huitumia kupeleka ujumbe. Mwaka 2001 kikundi cha Rui Wang nchini Kanada kikaeleza jinsi inavyolegeza mishipa. Na mwaka 2008 ikatangazwa kwamba panya walioondolewa jeni ya kimeng'enya hicho hupandwa na shinikizo la damu. Kwangu mimi ushahidi wa panya hao ndio wenye uzito kuliko mwingine wote.

Misuli laini ni ile isiyongoja amri yetu: ya mishipa ya damu, ya matumbo, ya njia za hewa, ya mfuko wa uzazi. Hujikaza pale kalisiamu inapoingia ndani ya seli na kushikana na protini iitwayo kalmodulini, ambayo huamsha kimeng'enya cha kuiwasha miosini, protini ya kuvuta, na miosini ikaanza kuzivuta nyuzi za protini nyingine, aktini, kama wavuvi wanavyovuta kamba ya wavu. Anayetaka kuilegeza misuli hiyo hahitaji kupigana na miosini. Inatosha aifungie kalisiamu mlango. Salfidi ya hidrojeni hufanya hivyo kwa kuzunguka. Kwa kuwa ni molekuli ndogo inayoyeyuka katika mafuta, hupenya utando wa seli bila kubisha hodi, kisha hupachika salfa kwenye sisteini zilizomo katika mlango mwingine, ule wa potasiamu. Mlango huo hufunguka, potasiamu yenye chaji chanya hutoka nje, ndani ya seli huzidi kuwa na chaji hasi, na milango ya kalisiamu, ambayo hufunguka tu chaji hasi inapopungua, hubaki imefungwa. Hapo miosini huachia kamba, mshipa hupanuka, na damu hupita bila kusukumwa kwa nguvu nyingi.

Maabarani jambo hili huonekana kwa macho. Kipande cha mshipa wa panya, kidogo kama pete ya mtoto mchanga, huning'inizwa kati ya kulabu mbili ndani ya maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37, kisha hukazwa kwa dawa. Ukidondosha chumvi inayotoa gesi yetu, mstari unaoonyesha mvuto wa kulabu hushuka. Ukitangulia kutia glibenklamidi, ambayo wenye kisukari wanaijua kama kidonge chao, mstari haushuki kama mwanzo, kwa sababu dawa hiyo huifunga ile milango ya potasiamu. (Mwenye kisukari asiache kidonge chake kwa kusoma haya, pete ndani ya maji si mtu mzima.)

Sasa, kwa nini mama asiivute gesi hiyo puani? Kwa sababu seli huitoa kidogo, mahali pale pale inapohitajika, na kuiharibu upesi. Inayotoka nje huingia mapafuni na kusambaa kila mahali, na ikiwa nyingi huzuia kimeng'enya kinachotumia oksijeni katika mitokondria, yaani viwanda vya nguvu vya seli, hata seli ikakosa nguvu huku damu ina oksijeni ya kutosha. Tena ni gesi ya hila: ikifika takriban sehemu 100 katika milioni ya hewa, pua huacha kuinusa, na mtu hudhani imeondoka.

Kuhusu kitunguu saumu, majirani hawajakosea kabisa. Mwaka 2007 watafiti wa Alabama, Marekani, walionyesha kwamba chembe nyekundu za damu hugeuza viambato vyake vya salfa kuwa salfidi ya hidrojeni, na mishipa iliyotiwa maji ya kitunguu hicho ikalegea. Hata hivyo nguvu yake ni ndogo, wala haichukui nafasi ya vidonge vya asubuhi. Na ikiwa mama anameza pia dawa ya kuzuia damu kuganda, amweleze daktari wake kabla ya kukila kwa wingi, maana chaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Akikitumia jikoni, akitwange na kukiacha kama dakika 10 kabla ya kukitia katika mafuta ya moto, kwa kuwa viambato hivyo huzaliwa kinapopondwa, na moto huua kimeng'enya kinachovizalisha.