Upanga na deraya kama alama za cheo katika Korea ya kale
Silaha za wapiganaji wa Korea ya kale zilitambulisha cheo, na alama iliyo wazi kuliko zote ni upanga wenye pete kwenye kitako cha mpini. Katika zama za Falme Tatu (Goguryeo, Baekje na Silla, zilizogawana Korea hadi karne ya saba), pete ya upanga wa kawaida ilikuwa ya chuma kitupu, ilhali ya wakubwa ilipambwa kwa dhahabu au fedha na kutiwa umbo la joka au ndege wa kifalme, kama upanga wa mfalme Muryeong wa Baekje, aliyefariki mwaka 523, ambaye kaburi lake lilifukuliwa katika mji wa Gongju, Korea Kusini, mwaka 1971.

Kwa upande wa deraya, yaani vazi la kujikinga vitani, michoro ya kaburi la Anak namba 3, la mwaka 357, katika Korea Kaskazini ya leo, inaonyesha msafara ambamo wapanda farasi wamevikwa vipande vya chuma pamoja na farasi wao, huku wabeba mashoka wakitembea kwa miguu bila deraya.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba panga nyingi zilizopambwa kwa dhahabu na kuzikwa pamoja na wenyewe zilikuwa za heshima, si za vitani.