Unene sawa, urefu sawa, uzito tofauti

Je, miti miwili ya spishi tofauti, yenye kipenyo na kimo kilekile, hubeba tungamotaka (uzito mkavu wa mti) sawa? Hapana. Spishi ndiyo inayoamua densiti ya mbao, na tofauti yake ni kubwa mno kuipuuza.

Chukua msitu wa Ituri, Kongo. Limbali (Gilbertiodendron dewevrei) ana densiti ya karibu 0.7, yaani gramu za mbao kavu kabisa kwa kila sentimita ya ujazo wa mbao mbichi. Musanga, ule mti laini unaowahi kuota shamba likiachwa, una karibu 0.23 tu. Tia namba hizo kwenye mlinganyo wa watafiti Chave na wenzake wa 2014, unaokadiria uzito mkavu wa mti kwa kipenyo, kimo na densiti, na ambao ndio hutumika sana kwa misitu ya tropiki, kwa kipenyo cha sm 50 na kimo cha m 30: limbali anatoa takriban tani 2.7, musanga tani 0.9. Kaboni ni karibu nusu ya uzito huo. Kwa hiyo picha ya angani inayoonyesha kimo peke yake inaweza kukupotosha vibaya.

Ila kipenyo bado kina nguvu kuliko densiti, maana kinaingia kwenye hesabu kikiwa kipeo cha pili. Na tafadhali, usichukue densiti kutoka majedwali ya wauza mbao bila kuirekebisha: zile hupimwa mbao ikiwa na unyevu wa asilimia 12 hivi, kwa hiyo zitakuzidishia jibu.