Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Usikimbilie Kufomati

Wengi wanaoniletea kompyuta iliyogoma kuwaka huwa wameshaambiwa dawa ni moja tu: kufomati, yaani kufuta diski na kuweka Windows upya. Mimi huwaambia wasubiri. Kufomati kunaondoka na picha na kazi za mtu, na mara nyingi tatizo wala halikuwa kwenye Windows.

Tazama kwanza imekwamia wapi. Ukibonyeza kitufe na hata feni isisikike, shughulika na umeme: chaja, waya, pawa saplai. Feni ikizunguka huku skrini ikibaki nyeusi, au ikilia bip bip, mimi huanza na RAM, vile vibao vya kumbukumbu ya muda. Nachomoa umeme, nazitoa, kisha nazirudisha moja moja hadi zikae sawasawa.

Ikionyesha nembo halafu ikaandika “No bootable device”, ndipo watu wanapoharakisha kufomati, na ndipo pa kutulia. Mashine ni nzima, ila haijapata mahali pa kusomea mfumo endeshi, yaani Windows. Chomoa flashi na diski zote za nje, maana huenda inahangaika na flashi isiyo na kitu. Bado? Washa tena huku ukigonga F2 au Delete uingie BIOS, ile programu ya ubao mama inayowaka kabla ya Windows, utazame kama diski inaonekana. Isipoonekana, hakuna programu itakayokusaidia: fungua, kaza waya wa SATA unaounganisha diski na ubao mama, au ichomoe diski ya M.2 (ile ya kibao chembamba) na kuipachika upya.

Ikionekana, kagua mipangilio, na saa pia. Niliwahi kuletewa kompyuta ya mezani iliyokuwa ikishindwa kuingia Windows kila ilipochomolewa ukutani. Ndani ya BIOS, tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Ile betri ya duara kwenye ubao mama, CR2032 ya volti 3, ilikuwa imekwisha, hivyo kila umeme ukikatika mipangilio ilirudi kuwa ya kiwandani, na SATA ikahama kutoka AHCI kwenda RAID, namna mbili tofauti za kompyuta kuwasiliana na diski. Windows ilikuwa imewekwa chini ya AHCI, basi ikawa inakwama. Nilibadilisha betri, nikarudisha AHCI, ikawaka na mafaili yote yakiwa mahali pake. Na mwenyewe alikuwa ameshakubali ifutwe! Hali hiyohiyo hutokea UEFI, namna mpya ya kuwasha kompyuta, ikigeuzwa kuwa Legacy, ile ya zamani: Windows iliyo kwenye diski iliyogawanywa kwa mpangilio wa GPT hubuti (huwaka) kwa UEFI tu.

Mipangilio ikiwa sawa na bado imegoma, buti kwa flashi. Kwenye kompyuta nyingine, tumia programu ya Rufus kuweka Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, kwenye flashi isiyo na kitu chako cha maana, kwa sababu itafutwa yote. Ichomeke kwenye mashine mbovu, washa huku ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP, kisha uichague kwenye menyu itakayotokea. Napenda menyu hii kwa sababu inabadilisha mara hiyo moja tu, mpangilio wa kudumu hauguswi. Flashi isipoonekana, jaribu tundu jingine la USB kabla hujagusa Secure Boot, ule ulinzi wa BIOS unaozuia mifumo isiyotambulika kuwaka.

Chagua kuijaribu Ubuntu bila kuiweka, fungua diski, nakili mafaili kwenye diski ya nje. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda mafaili, utahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Utafute mapema, kwani hata kuizima Secure Boot kunaweza kuifanya Windows iudai.

Mafaili yakishakuwa salama, buti kwa flashi ya Windows uende kwenye sehemu ya ukarabati, ijaribu kurekebisha uwashaji. Lakini kama wakati wa kunakili diski ilikuwa ikigonga au ikigandaganda, usiikarabati wala usiifomati. Weka diski mpya.