Jibu: Uzamili wa uchumi, taasisi na sera

Waalaykumu ssalaam ndugu yangu. Umeuliza kama mwalimu wa hisabati wa Wete, Pemba, kama wewe, anaweza kusomea uzamili wa uchumi unaoegemea taasisi na sera. Anaweza, na hisabati ndiyo akiba yako kubwa, kwani wengi hukwama kwenye takwimu na ekonometriki, yaani kutumia takwimu kupima hoja za uchumi.

Taasisi, kwa maana ya fani hii, si ofisi tu, bali ni kanuni, za sheria au za mila, zinazoamua nani apate nini. Itazame karafuu: mkulima anayeianika jamvini, akaianua mbiombio wingu linapotanda, hutakiwa kuiuza kwa shirika la serikali pekee, na hapo huzuka maswali ya bei, madaraja na magendo ambayo, kwa imani yangu, hayajibiki vyema na mtu asiyewahi kumwona mchumaji akipimiwa pishi zake jioni.

Usihofu kwamba hukuanza na uchumi. Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza jinsi jamii zinavyosimamia mali za pamoja, alisomea sayansi ya siasa, na hoja zake zitakusaidia kueleza kwa nini kijiji hukubaliana kufunga mwamba wa pweza, yaani kusimamisha uvuvi hapo, kwa miezi kadhaa na wavuvi wakatii.

Kabla ya kuomba nafasi, andika kurasa mbili juu ya swali moja unalotaka kulichunguza, kisha ukiulize kila chuo ni mhadhiri gani atakayekusimamia. Ada itazame baada ya hapo.